Fomu ya Mtu wa Mia Mbili

Kwa miaka ishirini na sita Profesa aliwafundisha wanafunzi wake jambo moja kabla ya mengine yote, na jambo lenyewe lilikuwa kunyamaza. Msomee mgonjwa swali kama lilivyoandikwa, alikuwa akisema, kisha funga mdomo na uhesabu moyoni hadi kumi. Usimsaidie. Usimwambie "yaani hapana, sivyo?" Usitikise kichwa. Mtu anayeumwa mgongo ameshaulizwa na watu wengi wenye haraka zao, na jibu lake la kweli halitoki kabla ya saba. Wanafunzi walimcheka pembeni wakambandika jina la Mama Kumi. Alilijua, na wala hakujali.

Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba fomu hujazwa kwa kinywa cha mgonjwa mwenyewe. Si mke aliyemsindikiza, si mtoto wake, hata kama wanajua anavyokohoa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumjazia bibi kizee maswali mawili kwa sababu bibi alikuwa anasinzia, basi Profesa akairarua ile fomu mbele ya darasa zima na kumrudisha wodini kuanza upya. Yule kijana alilia chooni. Sasa ni daktari mzuri tu.

Mtu wa namna hiyo aliwezaje kufanya alichokifanya? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Halafu hata halikuwa jambo kubwa. Lilichukua dakika nne, pamoja na kutafuta kalamu.

Kwanza ujue kazi yake. Profesa alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, na maisha yake yote yalikwenda kwenye migongo ya watu. Alipoanza, mtu akiumwa mgongo aliambiwa alale kitandani mwezi mzima, apigwe picha, aonyeshwe picha yenyewe, aambiwe pingili zake zimechakaa, kisha arudi nyumbani akatembee kama amebeba mayai. Profesa aliwainua watu hao. Alionyesha, kwa utafiti juu ya utafiti, kwamba kwa wengi mno maumivu hayana maana kwamba kuna kitu kimevunjika, na kwamba dawa ni kutembea, kuinama, kubeba, kurudi kazini taratibu. Kwenye ukuta wa ukumbi wake wa mazoezi aliandikisha kwa herufi kubwa: MGONGO WAKO NI IMARA KULIKO UNAVYODHANI. Na kwa wengi alisema kweli. Wapo watu wanaolima na kucheza na wajukuu leo kwa sababu yake, hilo siwezi kumnyima.

Wale wachache ambao maumivu yao yana jambo jingine nyuma yake hakuwasahau. Aliwatungia maswali matano chini ya ukurasa wa kwanza wa fomu yake, ili wasije wakaponyoka. Ukijibu ndiyo kwa mawili, huingizwi kwenye mazoezi, unapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Maswali hayo aliyatunga kwa mkono wake mwenyewe.

Maneno ya ukutani aliyaandika kaka yake, maana kaka yake alikuwa fundi rangi. Alimzidi Profesa kwa miaka tisa. Profesa alipokuwa na miaka saba alianguka ukutani akavunjika mguu, akafungwa plasta mpaka pajani, na kaka huyu ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule na kurudi kwa miezi miwili. Mgongo wa kwanza aliousoma duniani ni ule, na jasho lake, na mfupa mmoja wa shingoni aliokuwa akiuhesabia hatua. Kaka hakumwachia apumue kwa hilo. "Huyu nimembeba mimi," aliwaambia watu kila alipopata nafasi, "leo ananifundisha kuinama." Profesa alikuwa akicheka kila mara, na kila mara alijisikia mwenye bahati.

Sasa, utafiti mkubwa wa mwisho kabla ya kustaafu ulihitaji watu mia mbili. Siku ya kufunga orodha ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo asubuhi mtu wa mia mbili akapiga simu kusema amehama mji. Utasema mia na tisini na tisa si haba. Nami ningesema hivyo hivyo. Lakini Profesa alikuwa ameandika mia mbili kwenye mpango wake, na alikuwa mtu wa kutimiza alichoandika. Akakumbuka kwamba Jumapili iliyopita, walipokuwa wanasogeza kabati, kaka yake alishika kiuno na kusema mgongo unamsumbua tangu mwezi uliopita. Akampigia.

Kaka alifika saa sita na dakika chache, rangi ya krimu masikioni. Alikuwa ameacha ukuta wa mtu nusu mbichi. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaweka kofia mapajani, akamtazama dada yake kama anayesubiri kuanza. Profesa alikuwa anatazama saa. Alimweleza utafiti kwa ufupi, akampa karatasi ya ridhaa.

"Weka saini hapa," akamwambia. "Mengine nitamalizia mwenyewe, nenda kawahi ukuta wako."

"Hakuna maswali?"

"Maswali ni ya watu nisiowajua."

Kaka akaweka saini. Akasimama mlangoni kidogo, akavaa kofia, akaondoka. Profesa akaivuta fomu. Je, maumivu yanakuamsha usiku? Hapana. Je, umepungua uzito bila kujua sababu? Hapana. Je, unapata shida wakati wa haja ndogo? Hapana. Je, haya ni maumivu tofauti na uliyowahi kuwa nayo? Hapana, fundi rangi gani hajawahi kuumwa mgongo. Je, kuna jambo lingine ungependa kutuambia? Hakuna.

Karani wa utafiti alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye miwani ya kamba ambaye kila mtu alimwita Mama Faili. Alirudi kutoka chakula cha mchana, akaichukua fomu, akaisoma kwa kidole.

"Profesa, uliyasoma haya kwake?"

"Mama, huyu ni kaka yangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Sikuuliza ni nani," Mama Faili akasema. "Nimeuliza kama uliyasoma."

Profesa alicheka, akamwambia orodha imetimia, akaenda kufundisha. Mama Faili alichukua penseli akaweka alama ndogo ya kuuliza pembeni mwa kila jibu, matano yote, kisha akaifungia fomu kabatini. Alikuwa karani, akaona amefikia mwisho wa uwezo wake, na hilo naye amelijutia sana.

Wiki kumi na mbili za mazoezi zikaanza. Kaka hakukosa hata Jumanne moja, hata Alhamisi moja. Kila Ijumaa washiriki waliandika namba ya maumivu yao, sifuri mpaka kumi. Kaka alianza na sita. Wiki ya tatu tano, wiki ya tano nne, wiki ya saba tatu. Mstari wake ulishuka vizuri kuliko wa mtu yeyote, na Profesa, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, aliuchapisha kwa rangi nyekundu akauonyesha kwenye mkutano mbele ya wataalamu mia nne. Jina hakulitaja. Aliporudi alimwambia kaka mwenyewe, na kaka akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Kwa hiyo mimi ni mstari sasa."

"Tena mzuri kuliko yote."

Wiki ya nane Profesa aliona mkanda. Kaka alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na nyuma yake jingine, na ncha ya mkanda ilikuwa inaning'inia karibu na mfuko. Profesa alisimama katikati ya ukumbi, mbele ya wagonjwa wote, akaishika ile ncha akaionyesha. "Mnaona? Huyu tumbo limekwisha. Mazoezi yanamkaa." Watu wakapiga makofi. Kaka akasema mkanda wenyewe umezeeka, akarudi kwenye mkeka wake. Nikilifikiria tukio hilo huwa naacha ninachofanya.

Wiki ya kumi na moja, Jumatatu, kaka akiwa kwenye kipago cha pili cha ngazi, miguu ilimkatalia. Hakuanguka kutoka juu. Alikaa tu chini pole pole, kopo la rangi mkononi, na hakuweza kusimama tena. Hospitali wakampiga picha. Daktari wa picha alikuwa yule mwanafunzi aliyewahi kulia chooni. Alimwita Profesa chumbani, akamwomba akae, hakumtazama. Profesa hakukaa. Aliisoma picha mwenyewe, yeye aliyetumia nusu ya maisha yake kuwaambia watu wasiogope picha. Pingili tatu zilikuwa zimeliwa. Saratani ilianzia kwenye tezi dume, ikapanda, ikabana uti wa mgongo mpaka miguu ikakata mawasiliano.

"Kama tungemwona miezi mitatu iliyopita, angepona?" Profesa aliuliza.

Yule daktari alinyamaza. Alikuwa amefundishwa vizuri. "Kumponya, hapana," akasema mwishoni. "Lakini angekuwa anatembea. Na angekuwa na muda. Mwaka, pengine zaidi."

Wifi yake alikuwa ameketi kwenye benchi la korido na mfuko wa nguo mapajani. Profesa akakaa kando yake, akataka kumshika mkono, wifi akausogeza mkono.

"Analala kwenye kiti tangu kabla hajaanza mazoezi yako," wifi akasema. Hakupandisha sauti. "Akilala chali anaamka analia. Mwanaume wa miaka sitini na nane. Namkanda, namwekea mito, anarudi kwenye kiti."

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Alinikataza. Alisema unaifurahia sana ile namba yake. Kila Ijumaa anakaa na ile karatasi anafikiria aandike ngapi." Akaukunja mfuko, akaukunjua. "Wewe umeuliza watu mia mbili. Kaka yako ulimuuliza lini?"

Moyo wa Profesa ulivunjika pale kwenye benchi, mchana kweupe, watu wakipita na chai zao. Nasema hivyo kwa sababu baadaye alijikaza sana, na watu walidhani hakuumia.

Hospitali walimchoma kaka mionzi kupunguza maumivu, wakampa dawa, maumivu yakatulia kidogo, miguu haikurudi. Profesa alikuwa akija kila siku saa nane. Alimkunja magoti, akamzungusha nyayo, akamgeuza ili asipate vidonda, kazi ambayo angeweza kumwachia yeyote. Na kila siku alikuja amejiapiza kwamba leo atamwambia. Kumwambia nini, unakijua: kwamba ile karatasi yenye maswali ambayo yangemkamata mlangoni aliijaza yeye, kwa kubahatisha, kwa sababu alikuwa anatazama saa.

Hakumwambia. Kaka mwenyewe alimrahisishia, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. "Ni bahati mbaya tu, mdogo wangu," alisema siku ya kwanza. "Ugonjwa wa kimya huu, hata wewe usingeujua." Na wageni wakija aliwaambia dada yake alijitahidi sana, kama si yeye hali ingekuwa mbaya mapema zaidi. Wageni walimshukuru Profesa. Yeye aliinamisha kichwa akaendelea kuzungusha ule mguu. Ungekuwepo ungetaka kumtikisa. Wiki tatu nzima alijificha ndani ya maneno hayo ya kaka yake, huku kaka akiyeyuka machoni pake.

Mama Faili ndiye aliyeyamaliza. Aliingia ofisini bila kubisha, akaweka mezani fomu namba mia mbili yenye alama zake za penseli, na juu yake fomu mpya, tupu.

"Kamati ya maadili nitaiandikia mwenyewe wiki hii," Profesa akasema haraka. "Nitaeleza yote. Namtoa kwenye utafiti."

"Kamati haina haraka," Mama Faili akasema. "Kaka yako ndiye mwenye haraka."

Akatoka. Profesa akaichukua ile fomu tupu na ubao wa kuandikia, akaenda hospitali kabla ya saa nane.

Kaka alikuwa macho. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na ukuta wa upande ule rangi yake ilikuwa inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Tangu alazwe alikuwa na ugomvi na ukuta huo.

"Aliyepaka hapa hakupiga msasa," akasema. "Alipaka juu ya vumbi. Kwa macho ilikuwa nzuri, mwezi wa kwanza."

Profesa akavuta kiti. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, yakamponyoka yote. "Kaka, siku ile ulipokuja ofisini kulikuwa na maswali. Niliyajibu mimi. Sikukuuliza hata moja. Ningekuuliza ningejua, na ungekuwa unatembea."

Kaka hakusema kitu. Profesa alihesabu bila kukusudia, kwa mazoea, na alipofika nane kaka akasema, "Maswali yapi?"

Basi akayasoma. Alishika ubao kwa mikono miwili.

"Je, maumivu yanakuamsha usiku?"

Profesa akahesabu. "Ndiyo," kaka akasema. "Tangu kabla sijaja kwako."

"Je, umepungua uzito bila kujua sababu?"

"Ndiyo. Mlinipigia makofi."

Profesa akaandika ndiyo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. "Je, unapata shida wakati wa haja ndogo?"

Hili lilichukua hesabu nzima. "Ndiyo. Lakini hilo nisingekwambia wewe. Wewe ni mdogo wangu. Ningemwambia yule mama mwenye miwani."

"Ndiyo maana haikupasa niwe mimi."

"Haikupasa," kaka akakubali.

Maumivu tofauti na ya zamani? Tofauti kabisa, akasema, yale ya zamani alikuwa anayajua kama majirani. Likabaki moja.

"Je, kuna jambo lingine ungependa kutuambia?"

Alihesabu hadi kumi. Akapita kumi. Kaka alikuwa anautazama ule ukuta, na Profesa akadhani dawa imemchukua. Alifika ishirini na nne.

"Siku ile nilikuja nimejiandaa," kaka akasema. "Ulipopiga simu nilimwambia wifi yako, leo nakwenda kuulizwa. Kila mtu mjini anasema unauliza vizuri, unamngoja mtu mpaka aseme. Nami nilikuwa naogopa, mdogo wangu. Nilikuwa najua kuna kitu. Njia nzima nikiwa na makopo yangu nilikuwa napanga maneno, nitaanza na lipi, usiku au uzito. Nikakaa kwenye kile kiti. Ukaniambia weka saini hapa." Akavuta pumzi. "Baadaye ikawa vigumu. Ulikuwa unafurahi."

Kanuni inasema maneno ya mgonjwa yaandikwe kama alivyoyasema, bila kufupisha, bila kuyapamba. Profesa aliyaandika. Mistari mitatu iliyotengwa haikutosha, akaendelea pembeni mwa karatasi, akazunguka chini, akageuza nyuma. Alilia kwa sauti, mtu wa kitanda cha pili akageukia upande mwingine kumsitiri.

"Nimekukasirikia," kaka akasema. "Usiniambie nisikukasirikie."

"Sikuambii."

"Lakini usiondoke. Kaa."

Akakaa. Kaka alibaki na siku tisa, ingawa siku hiyo hakuna aliyeijua hesabu hiyo, na hakulirudia tena neno la bahati mbaya, kwake wala kwa wageni. Aliomba asomewe alichosema. Profesa akamsomea chote, mbele na nyuma. Kaka akasikiliza macho yamefumbwa, akasema ndivyo, akaomba kalamu.

Alishikiwa ubao. Ule mkono uliokuwa ukipiga mstari ulionyooka ukuta mzima bila rula ulichukua muda mrefu kuandika herufi nne za jina lake. Kalamu ikamponyoka. Pembeni mwa saini palibaki nafasi ya tarehe, na mkono wake ulikuwa umechoka. Profesa aliijua tarehe. Akaokota kalamu, akaiweka juu ya karatasi.

"Kaka," akauliza, "leo tarehe ngapi?"

Akafunga mdomo, akaanza kuhesabu.